Keki ya Elwood Harasym

"Mwaka huu watu wa kodi ndio wataniandikia hundi mimi," Elwood Harasym alitangaza mwezi wa pili mwaka 2003, klabu nzima ya mchezo wa kuteleza mawe kwenye barafu mjini Canora ikimsikia, bia mkono mmoja, ufagio wa kufagilia barafu mkono wa pili. "Na mwezi wa nne ukiisha, tafuteni mjinga mwingine wa kuwaondolea theluji."

Hesabu yake ilikuwa hivi. Tangu mwaka 1979 aliendesha greda la halmashauri la kusafisha theluji barabarani, lakini miaka saba ya mwanzo alikuwa kibarua, hakuchangia mfuko wa pensheni. Miaka kama hiyo mtu huruhusiwa kuinunua baadaye ili ihesabiwe kwenye pensheni. Mwisho wa mwaka uliotangulia Elwood akakopa benki dola elfu ishirini na nne na mia tano, akainunua yote saba kwa siku moja. Mchango wa namna hiyo huondolewa kwenye kipato kabla hakijatozwa kodi, kwa hiyo angerudishiwa kama elfu nane, zirudi benki moja kwa moja, na deni litakalobaki libebwe na pensheni. Wiki hiyohiyo akapeleka barua ya kustaafu. Magoti yake yalikuwa yameshachoka kupanda greda alfajiri kwenye baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri.

Utaalamu wote huo aliupata kwa Trent, mwenzake wa karakana, aliyenunua miaka yake mitatu akarudishiwa kwa mkupuo. Elwood akaona kama dogo kapata kwa mitatu, yeye wa saba atapata mpaka aone aibu. Hakuuliza kwingine. Watu wa karakana hata jino likiuma huulizana karakanani.

Zikiwa zimebaki siku mbili astaafu, akapeleka karatasi zake kwa Ilse Dyck, mwalimu mstaafu anayewajazia nusu ya mji fomu za kodi kwenye meza yake ya jikoni. Ilse akasoma, akavua miwani, akaivaa tena. Akamuuliza miaka aliyonunua ni ya lini hasa.

"Sabini na tisa mpaka themanini na tano," Elwood akasema kwa maringo. "Trent alikuwa bado anajikojolea."

"Ndiyo shida yenyewe, Elwood. Ya Trent ni ya baada ya tisini, ile unadai yote mara moja. Ya kabla ya tisini, tena ulikuwa huchangii, unaruhusiwa kuondoa kwenye kipato elfu tatu na mia tano tu kwa mwaka. Basi."

"Na zilizobaki?"

"Mwakani elfu tatu na mia tano. Mwaka unaofuata vilevile. Mpaka saba itimie."

"Sasa mwaka huu narudishiwa ngapi?"

"Kama elfu moja na mia mbili."

Elwood alikoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari. Alimshukuru, akavaa kofia, na nyumbani akamweleza mkewe Marlys kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Marlys akauliza kama pensheni tupu ingetosha kulipa benki. Alipojibiwa haitoshi, akaenda kuitoa ovaroli yake ya kazi kwenye boksi la nguo za kugawa, akaitundika mlangoni.

Asubuhi Elwood akaenda ofisini kuomba arudishiwe barua yake ya kustaafu. Karani alisema bahati nzuri nafasi haijatangazwa, akaitoa kwenye faili. Elwood akaikunja mara nne. Alikadiria miaka mitatu zaidi, labda minne. Alijaribu kuhisi kitu, akaona kwamba vidole vina baridi.

Ijumaa, karakanani, Trent alikuwa amesimama kando ya boksi jeupe, hajui aweke wapi mikono.

"Mzee, nilijaribu kuirudisha keki dukani. Wamekataa kwa sababu ina jina lako."

"Mlichanga?"

"Tulichanga."

Elwood akafungua boksi. Greda la sukari ya njano, na chini yake jina lake na neno kwaheri. Akakata kipande cha kwanza upande wa magurudumu, akala akiwa amesimama, kisha akaomba funguo za greda.

Keki ilikuwa dola thelathini na nne na senti tisini na tano.