Ukurasa wa Vifo Tuliouruka

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ile ya Kakamega mjini, nilishangaa kukosa hata kipande cha karatasi. Nilitoka Mukumu, ambako nilikuwa nikichapa breli, yale maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole. Hapa palikuwa na kompyuta tatu tu, na Msimamizi aliyenivisha vidude vya masikioni.

"Fumba macho, madam. Sasa soma gazeti la leo."

Sauti ikasema, "Picha. Picha. Picha." Basi! Gazeti zima halikuwa na neno. Simu ya asiyeona ina kisoma skrini, programu inayotamka maandishi, lakini ukurasa ukiletwa kama picha haina cha kutamka. Kazi yetu ilikuwa kuyatoa maneno kwenye picha, kuyasahihisha, na kuweka vichwa ili msomaji arukie habari anayotaka. Yote hayo kabla ya saa tatu asubuhi.

"Matangazo tunarukanga," Msimamizi aliniambia. "Mtu amelipia, hiyo si habari."

Nami nikaruka: zabuni, viwanja, na kurasa za vifo, maana nazo hulipiwa. Niliruka miaka mingi wala sikuwaza.

Asubuhi moja akaingia Mwalimu mstaafu kutoka Lumakanda, msomaji wetu wa siku nyingi, na fimbo yake nyeupe.

"Mulembe, mama. Ni wewe unatuandikianga gazeti?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Rafiki yangu amezikwa. Tumefundisha naye shule moja maisha yote. Tangazo limekaa kwa gazeti siku tatu, na siku zote tatu nimesoma mpaka mwisho. Sasa mjane wake amekataa salamu yangu. Anasema huyu husoma kila kitu, alijua, akakataa kuja. Niambie, mama, lilikuwa wapi?"

Nikafungua kurasa halisi. Marehemu alikuwa pale, anatabasamu ndani ya suti. Chini, baada ya watoto na wajukuu, palikuwa na jina la Mwalimu: rafiki mpendwa. Nilimsomea, naye akaniomba nirudie hapo kwenye jina lake. Niliona aibu ambayo sijaimaliza hadi leo.

Jumamosi tulikwenda sote wawili kwa mjane. Nikaifungua simu ya Mwalimu mbele yake, asikie mwenyewe kwamba ukurasa ule haukuwemo. Mjane alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika Mwalimu mkono. Tangu hapo nilianza kila asubuhi na vifo. Msimamizi alinung'unika wiki moja, akazoea.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Amalemba. Nasikia kazi yetu inafanywa na mashine, kwa dakika chache tu. Juzi nikafumba macho niisikilize. Siasa iliisoma vizuri, mpira vizuri, nikajisemea vijana wametushinda. Halafu ikafika kwenye kurasa za vifo.

"Picha. Picha. Picha."

Niliruka kutoka kitini. Nikatafuta miwani, nikampigia Mwalimu simu, nikaanza kumsomea majina.