Kichwa cha Babu Kilichoitikia

Harufu ya migomba iliyokatwakatwa kwa ajili ya ng'ombe bado hunirudisha kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo juu ya mji wa Moshi, msimu ule wa kahawa kichwa cha Babu kilipoanza kuitikia. Kilishuka na kupanda taratibu bila kukoma, kama cha mtu anayekubali kila jambo. Sisi wajukuu tuliona ni neema. "Babu, tukaangue maparachichi?" tulimwuliza, kisha tukatimua mbio: "Amekubali!" Naye alicheka huku akihema, maana siku hizo hata kukamua ng'ombe kulimchosha.

Daktari wa mjini alitueleza kwamba kichwa kilifuata mapigo ya moyo. Mlango mmoja wa moyo haukufunga tena, damu ilirudi nyuma kwa kishindo, na mshipa mkuu ulikuwa umetanuka. Chanzo kilikuwa kaswende ya ujanani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ilibidi Babu akapasuliwe Dar es Salaam, awekewe mlango mwingine, na Bibi naye apimwe damu. Jioni ile Bibi aliacha kumenya ndizi. "Baba Anaeli, ulijua?" Kichwa kikashuka, kikapanda. Bibi akakitazama kwa muda mrefu. "Anayenijibu ni wewe, au ni moyo wako?" Akachukua ndizi nyingine na kuimenya. "Basi nenda. Ukirudi nitakuuliza tena. Na urudi."

Alirudi amekonda, ana kovu refu kifuani, kichwa kimetulia tuli. Bibi, aliyekwisha kuchomwa sindano zake za kaswende, alimwekea bakuli la mtori wa ndizi na kuuliza swali lilelile. Kichwa hakikusogea. "Nilijua," Babu akasema hatimaye. "Nilianza dawa ujanani, nikaona aibu, nikaacha." Bibi akalisogeza bakuli karibu yake. "Kula. Mtori unapoa."

Bibi alikaa karibu maisha yote ya ndoa bila kujua jambo ambalo sasa hujulikana asubuhi moja, kwa tone la damu. Juzi, kwenye kliniki ya wajawazito mjini Moshi, mimi na mume wangu tulitoboliwa vidole pamoja. Tukiwa kwenye benchi tukisubiri majibu, nilimwuliza kama ataniambia ukweli daima, hata ule wa aibu. Akaitikia kwa kichwa. Nikamshika kidevu.

"Sema kwa mdomo," nikamwambia.