Bega la Mwalimu wa Kiingereza

Si kweli kwamba mwalimu wa Kiingereza hakumlilia kaka yake. Wanaolichafua jina la nyumba yake baada ya misa walitazama macho yake tu siku ya maziko. Mama Pétronille, mjane wa marehemu, alitazama bega. Shemeji yake huyo alibeba jeneza upande wa kichwa, kutoka nyumbani hadi makaburini, na kila aliyetaka kumpokea alijibiwa, “Muniache, niko naye.” Tangu siku ile, akifundisha kwenye barza, mbele ya nyumba yao, huvunja chaki vipande viwili, kimoja hukitia mfukoni kana kwamba anamwekea kaka yake, na sauti yake haipandi.

Juzi aliandika ubaoni neno *grief*.

“Maana yake iko huzuni tu, Mwalimu?” akauliza Plamedie, mwanafunzi wa mbele.

“Huzuni ya kufiwa. Waingereza walilipata kwa Wafaransa wa zamani, nao kwa Walatini. Kule mwanzoni lilikuwa linasema tu: kitu kizito.”

Mkono wenye chaki ukapanda wenyewe begani, ukabaki pale, hadi shati jeusi likaingia weupe. Wanafunzi wakainamisha macho.

Jumapili wale wasengenyaji wakamchokoza tena Mama Pétronille mlangoni pa kanisa: “Mama, shemeji yako alilia siku gani?”

Akakaza kitambaa chake kichwani. “Alibeba,” akasema. “Mimi sisemi tena.”