Vipande Sitini vya Kushoto

Karakana nzima ilimwita Mkasi, na wala si kwa sababu ya ulimi. Ulimi wake ulikuwa mpole mno. Jina lilitokana na mkono: miaka kumi na tisa akikata nguo za kazi, makoti ya walinzi, ovaroli za mafundi magari, mashati ya madereva, na hakuna mshonaji aliyewahi kumrudishia kipande akasema kimekwenda kombo. Siku hizi anakata kwa mashine ya umeme, lakini jina likishamkaa mtu, basi tena.

Sasa mtu huyohuyo akaanza kuchoka. Si uchovu wa kulala ukaamka mzima. Huyu alilala saa tisa nzima akaamka kama aliyetwangwa. Mchana, pasi zinatoa mvuke na wenzake wanajipepea kwa maboksi, yeye kavaa sweta kafunga vifungo mpaka kidevuni. Nywele zinabaki kwenye kitana, sauti inakwaruza, mwili unanenepa na chakula chenyewe hali. Kibaya zaidi kilikuwa kichwa. Alisimama mbele ya meza, chaki mkononi, akajiuliza alitaka kuchora nini. "Mkasi umeota kutu huo!" wenzake walimtania, naye akacheka nao. Mume wake, mtu wa maneno machache na mengi kati ya hayo mabaya, alimwambia, "Umezeeka tu, mama. Wenzako wanazeeka kwa miguu, wewe umepanda gari."

Aliyemsikiliza ni wifi yake. Huyu wifi, dada wa mume, alifiwa na mumewe akarudi kuishi nao yeye na binti zake wawili, na Mkasi ndiye aliyemtafutia kazi karakana. Meza yao moja: Wifi anatandaza kitambaa, Mkasi anakata. Ni Wifi aliyemkokota hospitali, daktari akampapasa shingo, akasema huenda tezi iliyopo hapo, ile inayoupangia mwili mwendo, imelegea. Akatolewa damu, majibu baada ya wiki.

Siku ya majibu kazi ilikuwa imebana. Makoti thelathini ya walinzi, yanatakiwa upesi.

"Wewe ukikaa kwenye ile foleni utalala palepale," Wifi alimwambia. "Lete kadi. Nachomoka saa ya chakula, mama mwenye karakana hatajua."

Akachomoka bila ruhusa, na foleni ikamnasa mpaka jioni; bahati, mama mwenye karakana hakutoka ofisini mchana ule. Huku nyuma Mkasi akatandaza mwenyewe. Kitambaa cha makoti kina uso na mgongo: uso laini, mgongo wa manyoya. Unatandaza tabaka moja uso juu, la pili uso chini, ndipo ukikata upate kipande cha mbele cha kushoto na mwenzake wa kulia. Mtu hufundishwa hilo wiki ya kwanza. Mkasi alitandaza yote uso juu. Kisha, kwa unadhifu wake uleule, akakata vipande sitini vya kushoto.

Asubuhi mshonaji mmoja alichukua viwili, akavipachika kifuani, akacheka. Akachukua viwili vingine. Hakucheka tena. Mama mwenye karakana akaitwa, akatazama lile fungu, akauliza, "Nani katandaza?" na macho yake tayari yako kwa Wifi, maana kazi ya kutandaza ni ya nani mwingine?

Mkasi alifungua mdomo. Jamani, aliufungua. Lakini kabla sauti haijatoka, Wifi akasema, "Ni mimi, mama. Nilikuwa na haraka."

Na Mkasi akaufunga mdomo.

Wifi aliambiwa akusanye vitu vyake aende nyumbani. Jioni, jikoni, Mkasi alimuuliza kwa nini.

"Wewe mgonjwa," Wifi akasema. "Wakikutoa kwenye ile mashine katika hali hii, hurudi tena. Mimi nitafua nguo za watu. Kunywa chai, inapoa."

Akainywa. Hapo ndipo mimi ninapotaka kumzaba kofi, lakini ndiyo hivyo, akainywa mpaka ikaisha.

Bahasha ya majibu aliyoileta Wifi, imefungwa kwa pini, Mkasi aliipeleka kwa daktari siku mbili baadaye. Daktari aliisoma, akairudia.

"Majibu yako yako mpakani," akasema. "Kipimo kimoja kimepanda kidogo, kingine kiko sawa."

"Kwa hiyo naumwa au siumwi?"

"Dalili unazo, sisemi umezizua. Ila kwa majibu haya dawa sikuanzishii leo. Tupime tena baada ya miezi mitatu."

Mkasi alitoka akakaa kwenye benchi la nje. Aliona aibu hata kukiri, lakini alikuwa amekuja akiomba aumwe. Aumwe kabisa, ugonjwa wenye jina na vidonge, aupeleke nyumbani aseme, Wifi, hukupoteza kazi bure. Sasa angesema nini? Kwamba mtu kafukuzwa kazi kwa ajili ya mwenzake aliye mpakani? Labda mume wake alisema kweli. Labda ni uvivu tu, uzembe umevaa sweta.

"Daktari kasemaje?" Wifi alimuuliza.

"Wanaendelea kuangalia."

Akaendelea kusema hivyohivyo. Na kila alfajiri Wifi aliamka kabla yake, akampashia maji ya kuoga kwa kuwa anasikia baridi, akamfungia chakula, kisha akaenda kufua nguo za majirani mpaka vidole vikapasuka. Mkasi aliona vile vidole. Alioga yale maji.

Siku ya kumi na moja tangu aende kwa daktari, karakana ilipata mtandazaji mpya. Mshonaji mmoja akampigia kelele kutoka cherehani yake, "Dada, angalia usije ukawa Kushoto wa pili!" Maana ndilo jina walilompa Wifi, Kushoto. Watu wakaangua kicheko, na Mkasi akasikia sauti moja ya kukwaruza inacheka pamoja nao. Yake.

Alizima mashine. Akaenda moja kwa moja ofisini.

"Makoti yale nilitandaza mimi," akasema. "Wifi hakuwepo. Alikuwa hospitali, kwenye foleni yangu."

Mama mwenye karakana aliitazama sweta yake. "Unaumwa?"

"Vipimo vinasema bado. Nipimwe tena baada ya miezi mitatu."

"Basi hata cha kukutetea sina."

"Sikuja kutetewa, mama."

Hukumu ilikuwa fupi. Wifi arudi kesho, ila kuchomoka bila ruhusa asirudie. Mkasi mashine asiiguse. Akae kwenye vifungo mpaka hiyo miezi mitatu ipite.

Alimkuta Wifi uani, mikono ndani ya beseni. Akamwambia yote bila kupumua: ofisi, vifungo, na mwisho yale majibu, kwamba wala si mgonjwa sawasawa, yuko mpakani tu, na amekuwa akimficha.

Wifi alikamua shati, akalikung'uta. "Niliyasoma."

"Ulisoma nini?"

"Karatasi. Foleni mchana kutwa, bahasha ina pini moja, ulitaka nisome nini, ukuta? Nikamuuliza na nesi, akanieleza."

"Kwa hiyo asubuhi ile, uliposema ni wewe, ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Mimi siishi na karatasi, naishi na wewe. Nakuona unavyotetemeka juani." Shati likarudi kwenye beseni. Sauti ya Wifi ikabadilika. "Makoti hayakuniuma. Siku kumi na moja, wifi yangu. Nakupashia maji nangoja uniambie, nakupashia maji nangoja uniambie."

Mkasi alichuchumaa, akakunja mikono ya sweta, akaingiza mikono kwenye maji ya baridi, wakafua zilizobaki.

Kesho yake Wifi alisimama tena mezani, uso juu, uso chini. Mkasi alikaa pembeni na bati la vifungo, usingizi umemjaa machoni. Saa nne hivi mshonaji yule akapaza sauti, "Kushoto! Lete kitambaa huku!"

Wifi akageuka. Lakini Mkasi alishasimama, ameshika meza asiyumbe, akasema kwa sauti yake mbovu, karakana yote ikasikia:

"Kushoto ni mimi. Yeye ana jina lake."