Siku Tulizomsemea Mhabeshi

Juzi nilikwenda Mji wa Kale kwenye maziko ya jamaa yangu, na nikirudi nikapita Makadara. Penye kibanda kimoja mtu alikuwa akikaanga buni kwenye kikaango kikavu. Basi, rafiki yangu, nikasimama palepale tuktuk zikinipigia honi, kwa sababu harufu ile ilikuwa ya chumba cha uani nyumbani kwa nyanya yangu, mwaka ule aliokaa nasi yule mama wa Kihabeshi.

Nilikuwa na miaka minane. Nyanya alimkuta barazani kwetu mvua ikinyesha, amekumbatia kifurushi, akamwambia aingie ndani. Akawa wa nyumbani. Alijitanda shuka jeupe kichwani, akajifunza kukuna nazi na kuchambua mbaazi, na kila alasiri alikaanga buni zake mpaka moshi ukajaa ua mzima. Nilidhani ni Muislamu kama sisi.

Siku moja nikachungulia chumbani mwake. Alikuwa amepiga magoti, ameelekea ukuta usio wa kibla, anaimba kwa sauti ndogo hata ungedhani anatikisa midomo tu. Nikababaika. Kengele ya kanisa nilikuwa nikiisikia kila Jumapili na hakuna aliyeikataza. Kwa nini huyu amwimbie Mungu wake kama mtu anayeiba? Nikaamua kwamba nyanya hajui, na kwamba ni juu yangu kuificha siri ile. Niliibeba siku nyingi, hata nikawa nakaa chuo cha Kurani, msahafu u mbele yangu na mimi siuoni.

Mwisho ikanishinda. "Nyanya, yule si mwenzetu."

Hakuacha kukanda unga wa mahamri. "Najua tangu siku ya kwanza. Kwao wanajeshi ndio watawala. Walilifunga kanisa lao, wakamchukua mumewe kwa kuwa alikuwa akihubiri."

"Sasa yeye ataingia peponi?"

"Hilo si lako wala langu. Nenda kamuulize kama amekula."

Jibu lile halikunitosha, lakini nilikwenda nikamuuliza. Alikuwa hajala.

Kisha kibali chake cha kukaa kikaisha. Afisini kwa uhamiaji wakamwambia asipopata wenyeji wa kumsemea atarudishwa kwao. Kiswahili chake kilikuwa kichache, basi alipotueleza alikutanisha vifundo vya mikono kama mtu aliyefungwa kamba. Nyanya akavaa buibui, akanishika mkono, tukaenda kwa Bohora, Mhindi mwenye duka la vitambaa, kwa kuwa alikuwa na taipu. Nyanya akasema, Bohora akagonga herufi kwa vidole viwili, akikohoa. Barua ilipokwisha tukaizungusha mtaani kutafuta watu watie sahihi. Mimi ndiye niliyekuwa msomaji, maana nyanya alijua herufi za Kiarabu tu.

Jirani wa mlango wa pili, aliyekunywa kahawa ya yule mama kila siku ya Mungu, alirudi nyuma hatua moja. "Mambo ya serikali hayo, shoga yangu. Mimi simo." Mwalimu wa chuo, ambaye bakora yake niliiota usingizini, aliisoma barua mara mbili.

"Kwani hana watu wake, Bi Mkubwa?"

"Watu wake wamefungwa."

Akaandika jina lake polepole, kisha akanitazama. "Na wewe kesho uje na sura yako umeihifadhi." Nilitoka pale sielewi. Jirani mpole amekataa, na mwalimu mkali ametia sahihi.

Afisini, yule bwana nyuma ya meza aliipindua barua kama anayetafuta kitu upande wa pili. "Mama, huyu ni Mkristo na wewe Muislamu. Makanisa yapo. Wewe yanakuhusu nini?"

"Yuwalala kwangu," nyanya akasema. "Akitolewa mlangoni mwangu, mimi nitalalaje?"

Yule bwana akatia muhuri. Miezi mitatu. Alasiri ile Mhabeshi aliimba uani kwa sauti yake yote, na jirani akafunga dirisha.

Miezi haijatimia, nikarudi kutoka shule nikakuta chumba kimefagiwa, kitupu. Wakimbizi wamekusanywa, wamepakiwa lori, wanapelekwa kambini mbali, kwenye usalama. "Ndivyo walivyosema askari," nyanya akanambia, na hakunitazama. Nikamuuliza kama barua yetu imefaa au haikufaa. Akasema hajui.

Siku hizi nyumba ile ni ya wageni wa kulala usiku mmoja. Duka la Bohora limefungwa, wanawe wako ng'ambo. Mwalimu amefariki, na nyanya pia. Nikisikia redioni habari za nchi iliyochukuliwa na wanajeshi, na watu wanaowindwa kwa sababu ya sala zao, huwaza ningebisha mlango gani na barua mkononi, na nani angenifungulia.

Miaka kadhaa baada ya lori lile, nyanya akiwa bado hai, redio ilitangaza kwamba utawala wa wanajeshi wa Uhabeshi umeanguka. Nilikimbia kumwambia nyanya. Akavaa buibui, tukarudi afisini kuuliza kama yule mama sasa anaweza kwenda kwao. Tulimkuta karani mpya. Akafungua faili moja, akafungua jingine, akasema hana habari ya mtu kama huyo.

Nyanya akaketi kwenye ngazi za nje, akanigeukia. "Sasa nimuulize nani?"

Nilikuwa msomaji wake, na sikuwa na jina la mtu wa kuulizwa la kumpa. Mpaka leo sina.