Haloo Kutoka Ng'ambo

Mwanangu, hebu kaa. Nimekusikia asubuhi kwenye simu: haloo, haloo, haloo, kama unafukuza kuku. Mimi neno hilo silitamki ovyo. Kuna jioni moja, miaka ile simu za mkononi zilipoanza kufika kwetu Tarime, ambayo nikiikumbuka hadi leo mwili unanisisimka.

Wakati huo mtandao ulipatikana juu ya majabali tu, nyuma ya nyumba ya Bibi Bhoke, mama yake baba yetu Chacha. Mdogo wangu Marwa alikuwa ameenda kuchimba dhahabu, akawa kimya. Mama aliacha kula. Kila jua lilipoelekea kuzama nilipanda na simu, Bibi akinifuata polepole na fimbo yake, akinung'unika kwamba tunaabudu kidude.

Jioni hiyo kikalia. Namba haikuonekana.

"Haloo?"

"Haloo," ikajibu sauti ya Marwa, nyembamba, kama inatoka ndani ya mtungi.

"Marwa! Haloo! Haloo!"

"Haloo... haloo..."

Ndege walikuwa wamenyamaza. Niliogopa, sikufichi, lakini niliendelea kuita, nayo ikaendelea kuita. Bibi akaninyang'anya simu.

"Mjukuu gani huyu, hata shikamoo hana? Na wewe Robi, unaita, yeye anaita. Nani atamfuata mwenzake?"

Kwetu, mwanangu, mtu akifika langoni pa zizi giza likiingia, alitaja jina lake, la baba yake na alikotoka. Asiyejitaja hakufunguliwa, hata alie. Na wa ndani naye alijitaja, ili mgeni ajue amefika kwa nani. Bibi akafanya hivyo hivyo na simu.

"Mimi ni Bhoke, mama yake Chacha. Nimesimama kwenye majabali ya kwetu. Wewe ni nani, na umesimama wapi?"

Kisha tukasikia: "Mimi Marwa wa Chacha. Nipo chini shimoni, Bibi. Duara la mwisho, penye mti uliokauka. Kifusi kimeniziba."

Simu ikazima.

Baba na vijana wa kijiji walikodi gari wakaenda machimboni alikokuwa. Wachimbaji wenzake walidhani amesharudi nyumbani. Wakaufuata mti uliokauka, wakafukua lile shimo, wakamtoa akiwa hai, midomo imepasuka kwa kiu. Nilipomuuliza habari ya simu alinitazama sana.

"Simu gani, dada? Niliiuza kitambo. Mle ndani nilikuwa naita kwa mdomo tu, haloo, haloo, labda wa juu watanisikia. Mara nikamsikia Bibi ananiuliza nimesimama wapi."

Sina maelezo, na sitakutungia.

Baadaye nikawa mwalimu wa Kiingereza huko Issenye, nikasoma kwamba neno hilo halikuanza kama salamu. Kabla ya simu, Waingereza walilipaza kumsimamisha mtu wa mbali, hata kuwahimiza mbwa wa kuwindia. Na wapo wataalamu wanaosema mzizi wake ni wa kale zaidi, katika lugha iliyo ndugu ya Kiingereza: mtu amekwama ng'ambo ya mto, anampigia kelele mwenye mtumbwi, njoo unichukue. Nilifunga kitabu nikalia, walimu wenzangu wakadhani nimefiwa.

Wahenga walisema kataa neno, usikatae wito. Basi ukiitwa haloo, usirudishe haloo ukaishia hapo. Jitaje. Uliza yeye ni nani na yuko wapi, maana kuuliza si ujinga, kisha inuka uende. Nyinyi mnaitana mchana kutwa, na hamjui mwenzenu yuko shimo gani.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie, na siku utakapoita kutoka chini, awepo mtu juu ya jabali wa kukuuliza umesimama wapi.