Dada Upesi na Ndugu Zake Walk

Wodini walimwita Dada Upesi, kwa sababu yeye hupita na beseni la maji ya moto wakati wenzake bado wanatafuta ndara. Kazi yake ilikuwa kuogesha wagonjwa, kubadili shuka na kuwashika mkono waliovunjika miguu wanapojaribu kusimama tena. Hiyo ya mwisho aliipenda kuliko zote. Mgonjwa akikanyaga sakafu mara ya kwanza, Dada Upesi hushangilia kana kwamba timu yake imefunga bao.

Basi ilipotangazwa nafasi ya msaidizi katika chumba cha mazoezi ya viungo, aliitamani papo hapo. Kikwazo kilikuwa daktari wa chumba hicho, mgeni ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye "pole sana". Alitaka mtu wa kumweleza kwa Kiingereza kila mgonjwa ametembeaje siku hiyo. Kiingereza cha Dada Upesi kilitosha salamu na maelezo mafupi, lakini kwa kutembea alikuwa na neno moja tu: walk. Mzee wa nyonga, walk. Dereva wa goti, walk. Daktari alipata kumuuliza muuguzi mkuu, "Kama wote wanatembea sawa, mbona hawaendi nyumbani?"

Jioni ya siku ya tangazo mumewe, ambaye ni kinyozi, akaja na kamusi ya kuazima kwa mteja. Wakaifunua mezani.

"Ehe! Kumbe walk ana ukoo!"

"Na kila ndugu ana mwendo wake," akasema kinyozi. "Hebu tuwatembeze."

Wakaviweka viti kando. Kinyozi akachukua stagger: akapepesuka kutoka mlangoni hadi kabatini, akaangusha sufuria. Dada Upesi akachukua limp, akachechemea kuizunguka meza. Kwa shuffle akaburuta ndara mpaka zikalia kwa uchungu. Stroll ikawa mikono nyuma, taratibu, kama mtu asiyesubiriwa popote. Kwa tiptoe wote wawili walinyata, na hapo ndipo mama mkwe alipotokea.

"Mnamwibia nani humu ndani?"

"Tunasoma, mama."

"Kwa vidole vya miguu?"

Wakamweleza. Akataka naye apewe neno. Kinyozi akasoma: swagger, kutembea kwa maringo.

"Hilo ni langu," akasema mama mkwe, akakaza kanga. Akapita katikati ya chumba, bega mbele, shingo imesimama, nyonga zikijibizana.

"Mama, ndio mwendo uliomponza baba?"

"Nyamaza wewe! Ndio uliokuleta duniani!"

Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Tangu hapo hakuna aliyetembea bure nyumbani mle. Hata kwenda kuchota maji kulikuwa na neno lake.

Siku ya usaili Dada Upesi alikalishwa kwenye kiti, mbele ya daktari na muuguzi mkuu. Daktari akauliza: yule mzee wa nyonga, ametembeaje leo?

Akafungua mdomo. "Walk," akasema. Akatafuta lingine. "He walk."

Muuguzi mkuu akatazama dirishani kwa huruma. Chini ya kiti miguu ya Dada Upesi ilikuwa inahangaika, na ndipo akang'amua: maneno yote aliyasoma akiwa amesimama. Akikaa, nayo yanakaa.

"Sista, naomba nisimame," akamwambia muuguzi mkuu.

"Usimame uende wapi?"

"Niende hapahapa."

Akasimama, akaburuta mguu wa kulia. "Shuffle!" Neno likatoka lenyewe. Akageuka, akashika ukuta, akajikongoja kwa uso wa maumivu. "Huyu dereva. Hobble. Anashika ukuta, anatukana." Daktari akavua miwani afute machozi ya kicheko, akauliza kwa Kiingereza limp na stagger zina tofauti gani. Dada Upesi akayumba vizuri mno hata muuguzi mkuu akaruka kumdaka.

"Hii stagger," akasema akiwa mikononi mwake. "Limp, kosa ni la mguu. Stagger, mwili wote umesahau njia."

Muuguzi mkuu akatafsiri huku akihema. Daktari akauliza swali la mwisho: na dereva akipona kabisa?

Dada Upesi akainua bega, akaenda hadi mlangoni na kurudi, mwendo wa mama mkwe mtupu. "Swagger!"

Daktari akapiga makofi na kunong'ona na muuguzi mkuu.

"Nafasi ni yako. Jumatatu uanze," akasema muuguzi mkuu. "Na uje na viatu vya kufunga, usije ukatuvunjikia."

Alipotoka, akamkuta dereva mwenyewe ukumbini, kaegemea ukuta, masikio wazi.

"Nimesikia. Eti mimi natukana?"

"Uongo?"

"Kweli. Lakini dada, angalia leo."

Akauachia ukuta. Goti likatetemeka, mguu ukatua, wa pili ukafuata. Dada Upesi alikuwa tayari anarudi kinyumenyume mbele yake, mikono wazi, anapiga kelele:

"Njoo, kaka! Ongeza! Njoo!"